Fueli Iishe Kabla ya Maji: Mwongozo wa Kukadiria Moto wa Boila Ndogo ya Mvuke

Boila ndogo ya mvuke, yaani chombo kilichofungwa ambamo maji huchemshwa ili mvuke wake uendeshe injini ya mfano ya mashua, ya garimoshi au ya kufundishia darasani, huhitaji kiasi cha fueli kinachoweza kukadiriwa kwa kalamu na karatasi kabla kiberiti hakijawashwa. Fueli hapa ni kitu chochote kinachochomwa ili kitoe joto, kiwe spiriti, gesi, mkaa au mafuta ya taa. Makadirio hayo humwezesha mtengenezaji kujua ukubwa wa tangi la taa ya kuchomea na muda ambao injini itazunguka kabla ya kusimama. Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni ya usalama, kwa kuwa boila isiyo na pampu ya kuongezea maji inapaswa kupewa fueli itakayokwisha wakati maji bado yamo ndani.

Sababu ya kanuni hiyo ni kwamba maji ndiyo yanayoikinga metali dhidi ya moto. Shinikizo la boila hupimwa kwa kizio kiitwacho bari, na bari 1 inakaribia sana shinikizo la hewa katika usawa wa bahari. Geji ya boila inaposoma bari 3, maji yaliyomo huchemka kwenye nyuzi 144 za Selsiasi, na maadamu yanaendelea kuchemka, bati la shaba lililo kati ya maji hayo na mwali haliwezi kupanda mbali na kiwango hicho, hata kama mwali wenyewe una nyuzi zaidi ya elfu moja. Maji yakikauka, ulinzi huo huondoka, na halijoto ya bati hupanda kwa kasi. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo boila iliyoungwa kwa lehemu hiyo ina pengo la nyuzi 40 hivi tu kati ya kazi yake ya kila siku na kuachia kwa viungo vyake. Boila iliyoungwa kwa lehemu ya fedha huvumilia zaidi, ila nayo hulainika shaba yake ikichomwa kavu na hupoteza sehemu ya nguvu iliyohesabiwa wakati wa kuisanifu.

Hesabu yenyewe ina mafungu matatu ya joto: joto la kupasha metali ya boila, joto la kupasha maji hadi yachemke, na joto la kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Mafungu mawili ya kwanza hutegemea kile kinachoitwa joto maalumu, yaani kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha kilo 1 ya kitu kwa uzi 1 wa Selsiasi. Joto hupimwa kwa kilojouli. Joto maalumu la maji ni takriban kilojouli 4.2, la shaba ni 0.39, na la chuma cha pua ni karibu 0.5. Fungu la tatu hutegemea joto fiche, yaani joto ambalo maji hulimeza yanapogeuka mvuke bila halijoto yake kupanda hata kidogo. Kwa maji yanayochemka wazi katika usawa wa bahari, joto hilo ni kilojouli 2,257 kwa kila kilo, na kwenye bari 3 za geji hushuka hadi kilojouli 2,133.

Ili hesabu isibaki hewani, ichukuliwe boila ya shaba iliyolazwa, yenye kipenyo cha milimita 75 na urefu wa milimita 150, inayopashwa moto kutoka chini na isiyo na mabomba ya moto ndani yake. Ujazo wake wote ni mililita 660 hivi; ikitiwa maji gramu 500 hubaki nafasi ya kutosha ya mvuke juu. Bati lake likiwa na unene wa milimita 1.5, na vifaa vyake vyote vikijumlishwa, uzito wa metali unakaribia kilo 0.8. Maji yanaanza na nyuzi 25 na yanatakiwa kufika nyuzi 144, ambayo ni tofauti ya nyuzi 119. Kupasha maji hayo huhitaji 0.5 mara 4.2 mara 119, yaani kilojouli 250. Kupasha shaba huhitaji 0.8 mara 0.39 mara 119, yaani kilojouli 37. Jumla ya kufikia shinikizo la kazi, kabla injini haijazunguka hata mara moja, ni kilojouli 287. Kisha iamuliwe ni maji kiasi gani yataruhusiwa kuondoka kama mvuke. Kwa boila ya umbo hili inafaa kubakiza gramu 200 chini, kwa hiyo gramu 300 ndizo za kutumika, nazo huhitaji 0.3 mara 2,133, yaani kilojouli 640. Joto lote linalopaswa kuingia ndani ya boila ni kilojouli 927. Boila yenye bomba la moto linalopita katikati ya maji huhitaji uamuzi mkali zaidi, kwa kuwa bomba hilo lote linapaswa kubaki limefunikwa mpaka fueli inapokwisha, hata kama maana yake ni kutumia theluthi moja tu ya maji.

Ikitazamwa vizuri, hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo wengi hulikosea: metali ina sehemu ndogo, maji ya kuchemsha yana sehemu ya wastani, na mvuke ndio unaomeza zaidi ya theluthi mbili za joto lote. Anayekadiria fueli kwa kutazama muda ambao birika huchukua kuchemka amekadiria sehemu iliyo nyepesi.

Jambo hilo lilijitokeza waziwazi mjini Glasgow, Uskoti, juu ya injini ya mfano hasa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 kuelekea 1764, James Watt, aliyekuwa fundi wa vyombo vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa injini ya Newcomen, aina ya injini ya mvuke iliyokuwa ikisukuma maji kutoka migodini. Boila ya mfano huo ilionekana kubwa ya kutosha, lakini injini ilipiga mapigo machache tu kisha ikasimama kwa kukosa mvuke. Watt alitambua kwamba kitu kidogo kina eneo kubwa la nje kikilinganishwa na ujazo wake, na kwamba kwa sababu hiyo silinda ndogo huupoza mvuke mwingi zaidi kwa kadiri yake kuliko silinda kubwa. Alipoendelea kupima, aligundua kuwa maji yaliyogeuzwa mvuke yanaweza kupasha maji ya kisima yenye uzito wa takriban mara sita ya uzito wake hadi yachemke. Matokeo hayo yalimshangaza mpaka Joseph Black, profesa wa chuo hicho hicho, alipomweleza nadharia ya joto fiche ambayo yeye Black alikuwa tayari akiifundisha. Uwiano huo wa mara sita unakubaliana vizuri na takwimu za leo: kilojouli 2,257 zikigawanywa kwa joto la kupasha kilo 1 ya maji ya kisima baridi hadi nyuzi 100 hutoa jibu linalozidi sita kidogo. Kutokana na uchunguzi huo Watt alibuni kikondeshi, yaani chombo cha kuupoza mvuke uwe maji, kilichotengwa na silinda, akapata hataza yake mwaka 1769. Msomaji anayejenga boila ya mezani anakutana na tatizo lile lile kwa ukubwa ule ule, na vipimo vyake vinaweza kufanywa kwa vifaa vile vile: mizani, kipimajoto na saa.

Kilojouli 927 ni joto linaloingia ndani ya maji na metali, si joto linalotolewa na mwali. Sehemu kubwa ya joto la mwali huondoka na gesi za moto zinazopita kando ya boila zikiwa bado na halijoto ya juu, nyingine hutawanywa na upepo, na nyingine hutoka tena kupitia kuta za boila yenyewe. Sehemu inayofaidisha, ikilinganishwa na joto lote la fueli, huitwa ufanisi. Boila kubwa za viwandani hufikia ufanisi wa asilimia 80 au zaidi. Boila ndogo yenye taa ya spiriti chini yake kwa kawaida hupata kati ya robo na nusu, na kwa boila ambayo haijapimwa bado ni busara kuanza na theluthi moja. Kwa theluthi moja, fueli inapaswa kutoa mara tatu ya 927, yaani takriban kilojouli 2,780.

Hapa ndipo penye hatari inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Katika makadirio mengi ya maisha ya kila siku, anayekosea kwa kuweka mafuta mengi zaidi hapotezi kitu ila gharama. Katika boila ndogo kosa la upande huo ndilo linalodhuru. Ikiwa mtengenezaji amechukulia theluthi moja na kuweka fueli ya kilojouli 2,780, huku boila yake kwa kweli ina ufanisi wa asilimia 40, joto litakaloingia ni kilojouli 1,112. Zikitolewa 287 za kupashia, zinabaki 825, ambazo hugeuza gramu 387 za maji kuwa mvuke na kuacha gramu 113 badala ya 200. Ufanisi ukiwa nusu, joto hilo linatosha kugeuza gramu 517, ilhali boila ilikuwa na gramu 500 tu. Imekauka na moto bado unawaka. Maana yake ni kwamba boila iliyosanifiwa vizuri, yenye kifuniko kizuri na taa safi, ndiyo inayoweza kukauka mapema ikiwekewa fueli kwa makadirio ya boila mbovu. Kwa hiyo, pale ambapo ufanisi haujulikani, mwendo wa kwanza ufanywe kwa kudhani kwamba ufanisi ni nusu. Katika mfano huu fueli hiyo ni ya kilojouli 1,850 hivi, na gharama ya tahadhari hiyo ni injini kusimama mapema.

Ufanisi wa boila fulani hupimwa hivi. Boila itiwe maji yaliyopimwa kwa mizani, tundu la kujazia liachwe wazi ili shinikizo lisijengeke, kipimajoto kiingizwe humo, na taa ipimwe uzito ikiwa imejazwa. Taa iwashwe mpaka maji yafike nyuzi 95, kisha izimwe na ipimwe tena mara moja kabla spiriti haijaruka hewani. Ikiwa maji ni gramu 500 yaliyoanza na nyuzi 25, yamepokea kilojouli 147, na shaba ya kilo 0.8 imepokea 22, jumla 169. Tuseme taa imepungukiwa na gramu 20 za spiriti, ambayo hutoa takriban kilojouli 25 kwa gramu. Joto lililotolewa ni kilojouli 500, na 169 kugawanywa kwa 500 ni karibu asilimia 34. Kipimo kirudiwe mara kadhaa, kwa kuwa upepo mdogo wa dirishani unaweza kubadilisha jibu kuliko inavyodhaniwa. Ikumbukwe pia kwamba kwenye nyuzi 144 boila hupoteza joto zaidi kuliko kwenye nyuzi 60 au 70, kwa hiyo ufanisi wa kazini huwa chini kidogo ya uliopimwa. Kwa sababu ya usalama iliyoelezwa juu, punguzo hilo lisitiwe katika hesabu ya tangi, bali liachwe liwe akiba ya maji.

Baada ya ufanisi kujulikana, kilichobaki ni kugawanya kwa joto la fueli iliyochaguliwa. Spiriti ya dukani, ambayo kwa sehemu kubwa ni ethanoli yenye maji kidogo, hutoa takriban megajouli 25, yaani kilojouli 25,000, kwa kilo. Kwa ufanisi wa theluthi moja, kilojouli 2,780 za mfano huu ni gramu 111, ambazo ni karibu mililita 137. Methanoli hutoa karibu megajouli 20 tu kwa kilo na ni sumu kali hata kwa mvuke wake, kwa hiyo haifai kuchukuliwa kuwa badala ya spiriti. Mafuta ya taa hutoa megajouli 43, lakini yakichomwa kwa utambi mtupu huacha masizi yanayokaa juu ya shaba kama blanketi, hivyo yanahitaji kichomeo cha pampu kama cha jiko la Primus. Mkaa mzuri uliokauka hutoa karibu megajouli 29, ila ni mgumu kuuamrisha uzime: hauishi kwa ghafla kama tangi la spiriti, bali hubaki na makaa yanayoendelea kutoa joto maji yakiwa yamepungua. Kwa boila isiyo na pampu, mkaa haushauriwi.

Gesi ya butani, inayouzwa katika makopo madogo ya kujazia viberiti, hutoa karibu megajouli 46 kwa kilo, kwa hiyo gramu 61 hutosha badala ya gramu 111 za spiriti. Ina tabia moja inayovuruga makadirio ya asiyeifahamu. Butani iliyo tangini ni kimiminika, na ili itoke kama gesi lazima imeze joto fiche lake yenyewe kutoka kwenye kuta za tangi. Tangi hupoa, shinikizo lake hushuka, na mwali hudhoofika wakati gesi bado imo. Kwenye joto la pwani la nyuzi 30, shinikizo la butani huzidi lile la hewa kwa bari 1.8 hivi, ilhali asubuhi ya nyanda za juu yenye nyuzi 10 tofauti hiyo ni bari 0.7 hivi tu, na taa iliyorekebishwa Mombasa au Dar es Salaam inaweza kuonekana mbovu Limuru au Njombe. Tiba yake ni kulikalisha tangi katika chombo cha maji ya vuguvugu, na kamwe si kuliweka karibu na mwali. Tangi hilo lisijazwe zaidi ya sehemu nne kwa tano, ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka.

Kiasi cha fueli hakitoshi bila kasi ya kuichoma, kwani taa dhaifu inaweza kuteketeza gramu zote 111 bila injini kupata mvuke unaoifaa. Kasi hiyo hukadiriwa kutoka kwenye silinda. Silinda ya kipenyo cha milimita 16 na mwendo wa pistoni wa milimita 16, inayopokea mvuke pande zote mbili, hutumia sentimita za ujazo 6.4 kwa kila mzunguko; kwa mizunguko 350 kwa dakika hiyo ni karibu lita 2.25, na kwa kuwa lita 1 ya mvuke kwenye bari 3 ina uzito wa gramu 2.2 hivi, injini hiyo kinadharia hutumia gramu 5 za mvuke kwa dakika. Kiasi hicho kizidishwe mara mbili, kwa sababu ile ile aliyoiona Watt: silinda ndogo huugeuza mvuke mwingi kuwa matone kabla haujafanya kazi, na mwingine huvuja. Gramu 10 kwa dakika huhitaji wati 356 zinazoingia ndani ya maji, yaani takriban wati 1,070 za mwali kwa ufanisi wa theluthi moja, na hizo ni gramu 2.6 za spiriti kila dakika. Kwa mwali huo boila hupanda hadi bari 3 kwa dakika 13 hivi, kisha injini huzunguka kwa nusu saa. Taa ikichoma gramu 1.3 tu kwa dakika, iongezewe utambi au upana wa tambi zake. Kuongeza tangi hakutasaidia kitu.

Boila inapofanya kazi, sehemu yake iliyo nje ya mwali hutoa joto mfululizo. Kuta za nje za boila ya mfano huu zina eneo la sentimita za mraba 440, na zikiachwa wazi hupoteza wati zinazokaribia 40 au zaidi. Hasara kama hiyo ni ndogo kwa kadiri yake katika injini kubwa. Magarimoshi ya Garratt ya daraja la 59, yaliyoundwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, yalichoma mafuta mazito na yalikuwa na uzito wa tani zipatazo 250. Mojawapo, Mount Gelai, lipo katika Jumba la Makumbusho la Reli mjini Nairobi, na mgeni anaweza kuona jinsi boila yake ilivyofunikwa hata hivyo. Kila kipimo cha urefu kikiongezwa mara mbili, eneo la nje huongezeka mara nne na ujazo mara nane, kwa hiyo aliye na boila ndogo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuifunika. Sufi ya madini iliyozungushiwa vipande vyembamba vya mbao juu na ubavuni, pamoja na kizuizi cha upepo kuzunguka taa, huokoa fueli zaidi kuliko kubadilisha aina ya fueli. Boila ikishafunikwa, ipimwe upya, kwa kuwa ufanisi umepanda na tangi la zamani sasa ni kubwa mno.

Maji nayo yachaguliwe. Maji ya visima vya pwani, yanayopita katika miamba ya matumbawe, huacha utando wa chokaa ndani ya boila, na utando huo huzuia joto na kushusha ufanisi mwezi baada ya mwezi. Maji ya mvua yaliyochujwa hayana shida hiyo. Anayefanya kazi Nairobi ajue pia kwamba maji katika boila iliyo wazi huchemka huko karibu na nyuzi 94 au 95, kwa hiyo kipimo cha ufanisi kiishie kwenye nyuzi 85.

Mwendo wa pili wa siku hiyo hiyo huhitaji hesabu yake. Ikiwa boila imejazwa tena kwa maji ya birika, na maji pamoja na metali vimetulia kwenye nyuzi 90, joto la kupanda hadi bari 3 ni kilojouli 130 badala ya 287, na fueli ya kutosha ni gramu 92 badala ya 111. Anayejaza taa mpaka alama ile ile ya asubuhi amejiondolea zaidi ya theluthi moja ya maji ya akiba. Inafaa kwa hiyo tangi la taa liwekewe alama mbili zilizochongwa, moja ya boila baridi na nyingine ya boila moto. Tangi lijazwe tu baada ya mwali kuzimika kabisa na taa kupoa, kwa kuwa mwali wa spiriti hauonekani vizuri juani.